SOMO LA USINGIZI: NDOTO ZA USIKU NA AFYA YA MWILI

Kila asubuhi mwuguzi anapopita kati ya vitanda na kuuliza, "Mmelalaje?", wako wagonjwa wasiojibu habari ya maumivu. Wanajibu habari ya ndoto. Mmoja amemwona marehemu baba yake akimwita toka ng'ambo ya mto. Mwingine amekula nyama katika ndoto, na tangu aamke hataki kumeza kitu. Wa tatu anaomba kurudi nyumbani siku ileile, hata kama serumu bado inatiririka mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kufundisha habari ya ndoto katika kitabu cha afya. Tunaifundisha kwa sababu watu wanaacha dawa kwa ajili ya ndoto, wanachelewa kufika hospitali kwa ajili ya ndoto, na mara nyingine wanamfukuza mtoto nyumbani kwa ajili ya ndoto.

Usingizi si kitu kimoja

Wengi wanafikiri kulala ni kama kuzima taa: ubongo unakoma kufanya kazi, na kitu kingine kinaingia au kinatoka. Sivyo. Ubongo una umeme mdogo sana, na umeme huo unaweza kupimwa kwa nyuzi zinazobandikwa juu ya kichwa, pasipo maumivu yoyote. Munganga Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuupima kwa mwanadamu, mwaka 1924. Tangu hapo wanganga wanaweza kutazama usiku wa mtu aliyelala kama vile sisi tunavyotazama mchana wake.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza neno jipya. Aserinsky alikuwa amempima mtoto wake mwenyewe usiku, akaona kwamba kuna nyakati macho ya mtoto yanakimbia huku na huku chini ya kope, naye amelala kabisa. Walipowaamsha watu wazima katika saa hiyo ya macho kukimbia, wengi walisema, "Nilikuwa naota." Walipowaamsha katika saa nyingine, wachache tu walikuwa na ndoto ya kusimulia. Mwaka 1959 Michel Jouvet, munganga wa mji wa Lyon huko Ufaransa, akaonyesha kwa kupima paka jambo la kushangaza zaidi: wakati huohuo ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, lakini mwili wote umelegea, hauwezi kuondoka. Akauita usingizi wa kinyume, na jina hilo linafaa.

Basi usiku wa mtu mzima unakwenda hivi. Analala, anashuka katika usingizi mzito, mzito sana, na ndani ya usingizi huo mwili unapumzika na kujijenga. Baada ya saa moja na nusu hivi anapanda tena, na ndoto ya kwanza inakuja, fupi, dakika chache tu. Kisha anashuka tena. Mzunguko huo unarudiwa mara nne au tano usiku mmoja, na kila mara ndoto inarefuka, mpaka ile ya alfajiri inaweza kufika nusu saa au kupita. Ndiyo maana tunakumbuka ndoto ya saa za jogoo, na ile ya usiku wa manane imepotea. Yule anayesema, "Mimi siotagi," anaota kama wewe. Hakuamka katikati ya ndoto, basi. Kumbukumbu ya ndoto inayeyuka upesi sana. Ukiondoka kitandani, ukaanza kutafuta maji ya kunawa, imekwisha kwenda.

Hakuna aliyeachwa nje. Kwa mtoto mchanga karibu nusu ya usingizi wake ni wa namna hii. Kwa mtu mzima ni sehemu moja katika nne au tano. Aliyezaliwa kipofu anaota pia, lakini ndoto zake ni za sauti, za harufu na za kugusa. Hata mbwa wako, ukimtazama akilala kwenye kivuli cha mwembe, miguu inatikisika na anabweka kidogo midomo ikiwa imefungwa.

Wale wanaofanya kazi ya usiku, katika migodi au kulinda milango ya maduka mjini, wasikie neno hili. Mtu anayelala asubuhi, watoto wakipiga kelele na jua likipiga juu ya mabati, anakatiwa usingizi wake vipande vipande, na mara nyingi sehemu ya ndoto inapungua. Ubongo haukubali kudaiwa. Siku anapopata nafasi ya kulala vizuri unalipa deni lote mara moja, na ndoto zinakuja nyingi, ndefu na za kutisha. Mtu huyo hakulogwa. Atafute chumba chenye giza, aombe jamaa zake utulivu, naye atapona bila dawa.

Kukaliwa kifuani

Jambo moja linawatisha watu kuliko mengine yote. Unaamka, unakiona chumba, unamsikia mkeo anapumua karibu nawe, lakini huwezi kuinua hata kidole. Kuna uzito kifuani. Unaona kama mtu amesimama mlangoni, au amekukalia. Unataka kupiga kelele na sauti haitoki. Watu wa pwani wanaita jambo hili jinamizi.

Kumbukeni yale tuliyosema juu ya mwili kulegea. Wakati wa ndoto ubongo unafunga misuli kwa makusudi, ili tusiondoke na kukimbia kweli tunapoota tunakimbia. Macho hayafungwi, wala ule msuli mkubwa wa kupumua chini ya mbavu. Mara chache akili inaamka kabla ya kufuli kufunguliwa. Ndoto bado haijaisha, na inachanganyika na chumba unachokiona. Kwa kuwa misuli mingine ya kifua imelegea, unahisi uzito. Jambo hilo linadumu sekunde chache, au dakika chache tu, halafu linakwisha lenyewe. Linawapata zaidi wale wanaolala chali, wenye usingizi mdogo, wenye mashaka mengi, na wale ambao saa zao za kulala zinabadilika kila juma.

Likikupata, usishindane nalo kwa nguvu. Pumua polepole, sogeza macho, kisha jaribu kidole kimoja tu cha mguu. Kidole kikikubali, mwili wote utafuata.

Hofu ya jambo hili inaweza kuua, na hatusemi kwa mfano. Mwaka 1995 huko Unguja na Pemba watu walishikwa na hofu ya kitu walichokiita Popobawa, kinachowashambulia watu vitandani mwao. Maelezo ya wengi yalifanana: kuamka, kushindwa kuondoka, uzito, kukosa pumzi. Jamaa nzima zikalala nje zikizunguka moto. Katika fujo hiyo mtu mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na watu wenye hofu.

Kuna ugonjwa ulio kinyume cha huo. Wazee wengine, hasa wanaume, kufuli lao limeharibika: wanapoota wanapigana, mikono inapiga kweli, wanaanguka toka kitandani, wanawaumiza wake zao. Wanganga wa Marekani walieleza ugonjwa huo mwaka 1986. Mama, usifikiri mzee amekuchukia. Ondoa kisu na chupa karibu na kitanda, ulale mahali pengine kwa muda, umlete kwa munganga, kwa maana kwa wengi jambo hili linatangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson.

Ndoto inatoka wapi?

Hapa wenye elimu hawasemi kwa sauti moja. Sigmund Freud wa Vienna, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alifundisha kwamba ndoto ni tamaa iliyofichwa na kuvalishwa nguo nyingine. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Marekani walijibu kwamba shina la ubongo linatupa mishtuko ya umeme usiku, na ubongo wa juu unajitahidi kuitungia hadithi. Wengine wanaonyesha kwamba katika usingizi ubongo unapanga mambo ya mchana: hili liwekwe, hili litupwe. Mwaka 2001 ilionekana kwamba panya waliotembea katika njia fulani mchana, ubongo wao uliirudia njia ileile wakati wa usingizi. Sisi tunaona kila mmoja ameshika sikio moja la mnyama mmoja.

Lakini neno hili halina ubishi: ndoto inajengwa kwa matofali tuliyo nayo. Mwenye kiu anaota maji. Mwenye kibofu kilichojaa anaota anatafuta choo. Mchimbaji anaota shimo, mwanafunzi anaota mtihani, mama anayedaiwa pesa ya kodi anaota amepoteza kibeti sokoni. Hata mwandishi wa Mhubiri, katika sura ya 5, aliziweka ndoto pamoja na wingi wa shughuli. Biblia inasimulia ndoto za Yosefu, za Farao na za Danieli, nasi hatuzikani. Lakini angalieni kwamba ni chache katika habari ya mamia ya miaka, na Yeremia, katika sura ya 23, anawakemea vikali watu waliozunguka wakisema, "Nimeota, nimeota."

Hapa Katanga kwetu ndoto zimekuwa na kiti cha heshima. Ndugu zetu Wakatoliki wa Jamaa, chama kilichoanza karibu na Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya Padri Placide Tempels, walisimuliana ndoto zao katika mafundisho, na mzee wa chama alizisikiliza ili ajue mwanafunzi amefika wapi. Johannes Fabian, aliyewachunguza, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1966. Kumsimulia mtu mwenye busara ndoto yako si vibaya. Anayesikilizwa anapata nafuu. Vibaya vinaanza pale msikilizaji anapodai pesa, au anapotaja jina la jirani.

"Lakini niliota kifo cha shangazi, na asubuhi simu ikaja!" Tunawasikia, wala hatusemi ni waongo. Tufanye hesabu kidogo. Mji wa Lubumbashi una watu zaidi ya milioni mbili. Kila mmoja anaota mara nne au tano usiku. Hizo ni ndoto zaidi ya milioni nane kabla jua halijatoka. Kati yao ngapi ni za kifo? Nyingi, kwa maana tunawaogopea wagonjwa wetu. Na kila usiku wako wanaokufa kweli. Basi kila asubuhi watakuwapo wachache ambao ndoto na simu zimekutana. Hao watasimulia maisha yao yote. Wale walioota kifo cha shangazi, na shangazi akaja Jumapili kula bukari pamoja nao, wamekwisha kusahau.

Kumwota marehemu ni jambo la kawaida kabisa kwa aliyefiwa. Hakuiti. Ni wewe ubongoni mwako unayemwita yeye, na wengi wanaamka na faraja.

Ndoto inapoonyesha ugonjwa

Hapa msome polepole.

Homa kali inaleta ndoto mbaya na maono. Mtoto mwenye malaria akianza kusema na watu wasiokuwapo, akishindwa kukutambua, akishikwa na degedege au akilala asiamke, malaria imefika kichwani. Huo si wakati wa mufumu wala wa mkesha wa maombi nyumbani. Mchukue hospitali usiku uleule, ombeni njiani. Malaria ya kichwa inaweza kumwua mtoto ndani ya siku moja.

Lakini mtoto asiye na homa, anayeketi ghafula kitandani muda mfupi baada ya kulala, analia kwa hofu, macho wazi na hakuoni, kisha analala tena na asubuhi hakumbuki lolote, huyo hana ndoto wala pepo. Ni ubongo mchanga ulioamka nusu toka usingizi mzito. Usimtikise, usimmwagie maji. Mlinde asianguke. Wengi wanaachana na jambo hilo wakikua.

Mtu anayesinzia mchana kutwa na kukesha usiku, akibadilika tabia, mwenye kuumwa kichwa na homa za kurudi, tena aliyekaa katika nchi za mbung'o, apimwe ugonjwa wa malale. Ugonjwa huo unavuruga utaratibu wa usingizi mpaka ndoto zinaingia mchana. Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa namna hii. Zamani tuliogopa dawa yake, ile yenye arseniki, kwa kuwa iliua wagonjwa kama watano katika mia. Tangu 2018 kuna vidonge vya fexinidazole, vinamezwa siku 10, na wengi wanapona pasipo sindano.

Dawa nyingine zenyewe zinaleta ndoto. Efavirenz, iliyotumiwa miaka mingi kwa wagonjwa wa sida, inaleta ndoto zenye rangi na nguvu, hasa katika majuma ya kwanza. Wako walioiacha wakisema dawa imewaletea wafu, na kumbe waliacha uzima wao. Leo wengi wanapewa dolutegravir, ambayo haileti ndoto kama ile, ingawa inaweza kuwanyima wengine usingizi. Hao wanaambiwa waimeze asubuhi. Mefloquine ya malaria na propranolol ya moyo nazo zinaweza kuleta ndoto za kutisha. Ikiwa dawa imekuletea ndoto, usiiache. Njoo useme. Munganga anaweza kubadilisha saa au dawa.

Pombe vilevile. Anayekunywa lutuku jioni analala upesi, lakini pombe inazuia ndoto za saa za kwanza, halafu zinarudi kwa fujo karibu na alfajiri. Mlevi wa miaka mingi anayeacha kwa siku moja anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani. Hiyo ni hatari ya kufa. Aletwe hospitali, aachishwe chini ya ulinzi.

Tena, katika baridi ya Juni na Julai watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Ikiwa nyumba nzima imeota kukabwa, ikaamka na kichwa kinauma na kutapika, na wakitoka nje wanapata nafuu, msiulize nani alikuja usiku. Mbabula ndiyo iliyokuja. Itoeni nje kabla ya kulala, hata kama makala yanaonekana yamezimika.

Mtoto aliyeonekana katika ndoto

Tuchukue mfano. Mume amekosa kazi, mtoto mdogo amekufa, na mama anaota mtoto wa marehemu dada yake amesimama na kisu. Nabii mmoja anasema, "Umeona mwenyewe." Kesho yake mtoto yule yuko barabarani, analala sokoni.

Mama yule aliota nini? Aliota huzuni yake na mzigo wake. Uso wa mtoto ulikuwa karibu, ubongo ukauchukua. Mtoto hakujua kwamba ameotwa. Usiku ule yeye naye alikuwa amelala, pengine anamwota mama yake. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Wazee wa kanisa wakisikia jambo kama hilo katika mtaa wao, wasingoje Jumapili.

Ndoto za vita

Wako kati yetu waliokimbia Mitwaba na Pweto, wengine wanakumbuka Kolwezi ya 1978, au treni na vituo vya 1992 na 1993 vilivyojaa watu wa Kasai waliofukuzwa. Usiku wanarudi huko. Ndoto ni ileile, inafika mahali palepale, wanaamka wamelowa jasho, na wengine wanaogopa kulala. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Fanya hivi, mchana, ukiwa na mtu unayemwamini. Chagua ndoto moja, usianze na ile mbaya kuliko zote. Isimulie, au iandike. Kisha ubadilishe mwisho wake kama upendavyo wewe: mlango uliofungwa ufunguke, kaka yako afike, mto uwe na daraja. Halafu ufumbe macho, uitazame ndoto hiyo mpya akilini dakika kumi au ishirini, kila siku, kwa majuma kadhaa. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2001, kwa wanawake waliotendewa jeuri, ulionyesha kwamba njia hii inapunguza ndoto mbaya na kurudisha usingizi. Haihitaji kidonge wala pesa. Asiyejua kuandika aisimulie kwa mdomo, mtoto aichore mchangani, na wewe uketi karibu naye, umwulize, "Sasa unataka imalizike namna gani?" Ikipita miezi miwili bila nafuu, au ukianza kufikiri kujiua, usibaki nyumbani. Njoo hospitali, mwambie mwuguzi wa kwanza utakayemkuta. Atakupeleka kwa munganga wa magonjwa ya akili, na hapa Lubumbashi wako.